Mguu Usiofika Breki

Gari la Mkurugenzi lilipoletwa gereji likivutwa kwa kamba, Dada Waya alikuwa amekaa juu ya betri bovu akinywa chai. Alilitazama likiingizwa, jeusi, refu, kuukuu lakini linameta, akasogeza kikombe chake ili kamba isikiguse. Gari hilo alilijua tangu utotoni. Baba yake, aliyeitwa Taratibu kwa sababu ya mwendo wake barabarani, ndiye aliyekuwa dereva wake, mpaka jioni moja lilipomgonga na kumuua mtoto wa mama mmoja, fundi cherehani wa mtaani kwao. Taratibu alikiri kosa, akafungwa, akafia gerezani kwa ugonjwa wa kifua.

Tangu hapo Mkurugenzi, ambaye sasa alikuwa amestaafu, aliendesha mwenyewe. Alieleza kwamba gari lilikuwa likizima ghafla, wala si kila siku. Liliweza kwenda vizuri wiki nzima, kisha likazima katikati ya makutano, na watu waliokuwa nyuma wakampigia honi na kumtukana kana kwamba hakuwahi kuwa mtu mkubwa. Likipumzishwa kidogo, liliwaka tena kama halikufanya lolote. Mafundi wengine walikuwa wamebadilisha vipuri mpaka wakachoka. Alimjia Dada Waya kwa kuwa hakuna aliyemshinda kwa umeme wa magari, na kama alikumbuka ni binti wa nani, hakusema.

"Usinibadilishie vitu tu," alisema. "Nataka kujua ni nini."

Gari lililokufa kabisa ni rahisi kulitibu. Linalozima na kuwaka ni kama mtoto anayelia kwa homa usiku kucha, kisha akafika mbele ya daktari akicheka. Dada Waya alianza na mafuta, akapima nguvu ya pampu na kufungua chujio. Akaja kwenye moto, akatoa plagi na kukagua koili. Alisugua waya wa ethi, ule unaofunga betri kwenye bodi, mpaka ukang'aa. Sensa ya injini, ambayo mara nyingi huchoka ikipata joto, aliipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele aliyoiazima saluni ya jirani. Injini ikiwa inawaka, alitikisa waya mmoja baada ya mwingine. Kisha akalitoa barabarani, akalipandisha vilima na kulikwamisha makusudi kwenye foleni. Halikuzima hata mara moja.

Kila alipoingia kuliendesha, jambo la kwanza lilikuwa kuvuta kiti mbele, kwa kuwa alikuwa mfupi kama baba yake. Hakulihesabu kuwa jambo. Mlangoni palikuwa na vitufe viwili vilivyokumbuka mahali pa kiti, kimoja kwa ajili ya Taratibu na kingine kwa ajili ya Mkurugenzi, ambaye miguu yake ilikuwa mirefu kama ya ngazi. Dada Waya alibonyeza cha Taratibu, kiti kikasogea, akaondoka.

Adhuhuri moja Mkurugenzi alipita kuangalia kazi inakwendaje. Alirudisha kiti nyuma, akakaa kidogo, akaenda zake. Dada Waya alikiacha kiti kilivyo, akawasha injini na kukaa upande wa abiria ili aisikilize. Mlango wa dereva ukafunguliwa. Taratibu alikung'uta viatu nje kama kawaida yake, akaingia na shati lake jeupe la kazi, akafunga mlango polepole. Alinyoosha mguu wa kulia. Ncha ya kiatu haikufika kwenye breki. Akatikisa kichwa, akazima injini.

"Shikamoo, baba," Dada Waya alisema.

"Marahaba, mama. Gari haliachwi likiwaka kama mguu haufiki breki."

Dada Waya alibonyeza kitufe cha baba yake. Kiti kilisogea mbele. Taratibu akaweka mguu juu ya breki, akawasha, na injini ikanguruma kwa utulivu mpaka taa ya mafuta ikaonyesha njano. Dada Waya akabonyeza cha pili. Kiti kikarudi nyuma, mguu ukaning'inia, injini ikazimwa. Alirudia tena na tena, kwa sababu fundi haamini jambo aliloliona mara moja.

"Siku ile kiti kilikuwa wapi?" aliuliza.

"Nyuma, kama sasa."

"Na wewe?"

"Hapo ulipokaa. Mkurugenzi alitaka kuendesha kidogo. Mvua ilikuwa imempendeza."

"Mbona ulisema ni wewe?"

"Aliniomba nikubali, akasema atanitoa upesi." Taratibu aliangalia viatu vyake. "Nadhani ana shughuli nyingi."

Alasiri ileile Dada Waya alilipeleka gari kituo cha polisi, baba yake akiwa kiti cha nyuma. Afande wa trafiki alikuwa akimfahamu Taratibu, akamwamkia kwa heshima na kumuuliza habari za siku nyingi. Alibonyeza vitufe mwenyewe, akapima kwa macho, akakiri kwamba ushahidi haukuwa na kasoro. Shida ilikuwa moja. Kesi ilifungwa mfungwa alipofariki, na ili ifunguliwe alihitajika shahidi mwenye makazi yanayojulikana. Akamuuliza Taratibu anakaa wapi siku hizi. Taratibu alifikiri kwa muda, akajibu kwamba hangeweza kumwelekeza vizuri. Afande alisikitika, na kabla hawajaondoka akawakumbusha kwamba taa moja ya nyuma haiwaki.

Dada Waya alibadilisha taa. Mkurugenzi alipokuja kuchukua gari, alielezwa yote, na akasikiliza akiwa amekunja mikono kama mtu aliye kikaoni.

"Najua Taratibu huja," alisema. "Hunikalia mapajani. Si mzito. Nilidhani kuzima ni jambo jingine, labda pampu."

"Si pampu," Dada Waya alisema. "Nataka uende kwa fundi cherehani umwambie nani alikuwa ameshika usukani. Kisha uje nyumbani umwambie mama yangu. Huu mwaka wa ngapi mama anamsalimia yule mama na haitikiwi."

Mkurugenzi aliliangalia gari lake, akapitisha kidole juu ya boneti kuona kama kuna vumbi.

"Fundi," alisema kwa upole, "mimi nilileta gari."

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Dada Waya, na mkono wake ulikuwa juu ya ufunguo. Mafundi wengine waliacha kugonga. Taratibu, aliyekuwa tayari amekaa nyuma ya usukani, kiti kikiwa mbele, alitoa kiganja dirishani.

"Nipe, mama. Tusimcheleweshe."

"Unakwenda wapi, baba?"

"Kazini."

"Watu bado wanakuita muuaji."

"Nasikia. Lakini aliahidi. Huenda akakumbuka tukiwa njiani."

Alimpa. Mkurugenzi akafungua mlango wa nyuma mwenyewe, akaingia, akafungua gazeti.

Tangu siku hiyo gari halijazima. Kiti hakijarudishwa nyuma, na Mkurugenzi huwasifia wenzake ile gereji, akisema hatimaye amepata watu wanaojua kazi. Likipita mbele ya gereji, Taratibu hupiga honi mara mbili, kidogo tu, na Dada Waya huinua spana.

Kuelekea mjini hupita mtaani kwao. Pale mtoto alipogongwa Taratibu hupunguza mwendo kuliko pengine popote, mpaka watoto hulipita gari kwa miguu. Fundi cherehani akilisikia, huacha kukanyaga pedali, akainua macho na kumkazia dereva mpaka gari lipotelee kwenye kona. Aliyekaa nyuma hamwangalii, maana gazeti limemfunika. Mke wa Taratibu husimama mlangoni kwake, ng'ambo ya pili, akampungia mumewe mkono. Kisha humgeukia fundi cherehani na kumuuliza ameamkaje.

Mguu wa fundi cherehani hurudi kwenye pedali, na mshono ukaendelea.