Swali Kuhusu Kufuli

Binti aliingia uso umemkunjuka kwa furaha, akatupa mkoba kitandani. Mama yake alikuwa kwenye cherehani, anamalizia upindo wa sare ya shule.

"Shikamoo mama. Ile kazi ya chuo imekamilika."

"Marahaba mwanangu. Hatimaye nitakula bila kuhojiwa."

Muhula ule binti na wenzake chuoni walikuwa wakifundishwa utafiti wa historia: namna ya kumhoji mtu, kumrekodi bila kumkatiza, kulificha jina lake. Kwa ajili ya hilo la jina, mama alikubali kufungua mdomo alioufunga miaka mingi. Alisali kwanza, kisha akasimulia habari ya karakana ya nguo iliyoungua. Msimamizi alikuwa akiwafungia mafundi kwa kufuli, kwa nje, wasije wakatoka na vitambaa. Moto ulipowaka, ufunguo alikuwa nao yeye, na yeye hayupo. Mama alipenya dirisha la choo. Wenzake walibaki humo. Kwenye uchunguzi ilielezwa kuwa mlango ulikuwa wazi.

"Mwalimu anasema shahidi mmoja hatoshi," binti aliendelea, anavua viatu. "Lazima usikie na upande wa pili. Basi nikamfuata yule msimamizi ofisini kwake. Mtu mzima wa heshima, mama. Kanikaribisha na soda."

Mguu wa mama ulisimama juu ya kanyagio.

"Ukamwuliza nini?"

"Kama ni kweli kufuli lilikuwa kwa nje. Jina lako sikulitaja, usiwe na shaka."

"Akasemaje?"

"Alicheka. Akasema hana haja ya jina." Sauti ya binti ilianza kupungua. "Akaniuliza kama mama yangu bado anashona."

"Mwanangu, aliyetoka mle ndani akiwa hai ni nani?"

"Ni wewe."

"Na nani mwingine?"

Binti alikaa kitandani, juu ya mkoba wake.

Mama alimwona tena akilini msimamizi alivyokuja hospitali baada ya moto na mfuko wa matunda, akavuta kiti karibu na kitanda, akamwambia: Dada yangu, ulizimia kwa moshi, hukuona kitu. Naye mama akajibu, ni kweli, hakuona kitu. Tangu hapo wakikutana njiani walisalimiana vizuri, kila mtu akapita zake.

"Mwalimu alitaka tumwonyeshe maswali kwanza," binti alinong'ona. "Nikaona ananichelewesha. Nisamehe mama. Tuifute rekodi. Nitamwambia msimamizi nilibuni."

"Ataamini?"

Nje gari lilipunguza mwendo, likasimama. Mama alichungulia pembeni mwa pazia. Gari lenyewe hakulijua. Dereva alikuwa ameegemeza mkono dirishani, anautazama mlango wao taratibu, kama mtu aliyeambiwa asubiri tu.

Mama alisukuma komeo, akaurudisha mwili wake kitini. Midomo yake ilicheza kwa sala fupi.

"Washa simu yako, urekodi."

"Mama, jamani."

"Washa. Safari hii weka jina langu, na la baba yangu. Nikimaliza, mtumie mwalimu wako na darasa lenu zima, hapo hapo."

Binti aliwasha. Mama alijitaja. Kisha akaanza kuwataja wenzake wa karakana kwa jinsi walivyokuwa wameketi, kuanzia mashine ya dirishani.

Alikuwa bado kwenye safu ya kwanza aliposikia mlango wa gari ukifunguliwa, halafu na wa pili. Hakushusha sauti.