Alama za Nyundo

Lilikuwa mezani, kati ya vikombe vya chai na taa kuukuu: bakuli la shaba lenye alama za nyundo mwili mzima. Nililipapasa, nikashindwa kuondoka.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi mwaka 2005, huko Fairfax, Marekani, katika nyumba ya marehemu ambaye wanawe walikuwa wakiuza kila kitu. Nilikuwa na Domina, Mtanzania niliyefanya naye kazi ya kutunza wazee Lanham. Yeye alifuata sufuria. Muuzaji, mama mpole, alinieleza kwamba bakuli lile lilifuliwa miaka mia iliyopita na mafundi wa Arts and Crafts, watu waliochoshwa na vitu vya kiwandani wakarudia kazi ya mikono. Bei yake ilikuwa mshahara wangu wa wiki.

"Edah, hilo utapikia nini?" Domina aliuliza.

Baba yangu alikuwa fundi bati Nyeri, na utotoni mimi ndiye niliyemshikia bati akigonga. Mama alipofariki, miaka miwili kabla ya siku hiyo, karatasi zangu za uhamiaji zilikuwa hazijatoka. Ningeondoka, nisingeruhusiwa kurudi. Sikwenda kumzika. Tangu hapo, kila nilipopiga simu, Baba aliniuliza kama kuna baridi, kisha akampa simu mdogo wangu Waringa.

Nililipa. Nilipofika nyumbani nilipiga simu Nyeri, nikamwomba Waringa amwite Baba. Nikamweleza bakuli lilivyo: upana wake, wepesi wake, alama zilivyopangana kama magamba ya samaki.

Baba akauliza:

"Ukingo ameukata au ameukunja?"

Nikauzungushia kidole. "Ameukunja, Baba. Kwa nje."

"Kuna mshono?"

"Hakuna."

"Basi amelitoa kwenye bamba moja. Huyo alikuwa fundi."

Akaniambia kwamba shaba ikigongwa sana hukakamaa, ikabidi irudishwe motoni ilainike. Yeye mwenyewe hakuwahi kuifua, alitamani tu. Sikuwa nikilijua hilo.

Halafu, bila kuulizwa, akanisimulia habari za msalaba wa kaburi aliomtengenezea Mama. Maandishi yote aliyagonga kwa mkono, herufi moja moja, kwa siku tatu: jina lake, na chini yake majina ya watoto.

"Lako ndilo la kwanza," alisema. "Wewe si ndiye mkubwa?"

Nikasema ndiyo, ni mimi.