Mkono wa Kupokea

Wanaume kumi na wanne walikuwa wamepiga magoti kwa safu mbili, wakisubiri neno moja litoke kinywani mwa mwanamke mmoja.

Neno lenyewe lilitoka Okinawa, kwenye visiwa vilivyozaa mtindo wao wa karate, na huko halina kosa lolote. Ni jina la kinga: mkono unatoka ndani kwenda nje, unaipangua ngumi inayokuja kifuani. Kwa Kijapani huitwa uchi uke. Lilipotua kwenye masikio ya watu wanaosema Kiswahili likawa jambo jingine kabisa. Kwa miaka saba mwanamke huyu, fundi wa vioo, alikuwa akiingia ukumbini anasalimiwa kwa neno hilo badala ya hujambo. Alijifunza tu kuifanya kinga yenyewe vizuri kuliko wote.

Sasa alikuwa anatahiniwa mkanda mweusi, na mtahini wake ni mjomba wake, mwenye ukumbi. Walimwita Nanga kwa kuwa akisimama hasukumiki. Sheria aliziweka yeye: mtahiniwa ataje kwa sauti kila pigo na kila kinga, aeleze asili ya mtindo, acheze kata, kisha aifafanue juu ya mwili wa mtu. Ni yeye pia aliyempigia simu dada yake, mama wa fundi, akamwalika aje ashuhudie, akamwekea kiti mbele kabisa.

"Kata?" mama aliuliza alipofika, mkoba mapajani. "Kata ninayoijua mimi ni ya kuchotea maji."

"Hii ni mapigo yaliyopangwa, mama. Unapigana na mtu asiyekuwepo."

"Waliopo hawatoshi?"

Fundi alicheka kidogo, cheko lake la mwisho siku hiyo.

Wanawake kumi na wawili wa kiwanda cha nguo walikuwa wameomba darasa la kujilinda kila Jumamosi, kwa sababu ya njia wanayopita wakitoka zamu. Nanga alikubali, ila anayefundisha lazima awe na mkanda mweusi. Fundi akifaulu, darasa ni lake. Akianguka, linakwenda kwa naibu wa mjomba, ambaye jina lake la ukumbini lilikuwa Sumaku, kwani akishika kiuno cha mwanamke kumrekebisha msimamo, mkono haubanduki. Wanawake wawili waliwahi kujiunga na ukumbi, na wote wawili waliondoka. Mmoja wao alimweleza fundi kilichomwondoa, huku akitetemeka midomo, kisha akamwapisha asimwambie mtu.

"Taja," Nanga alisema.

Akataja kinga ya juu. Akataja ya chini. Safu ya nyuma ikaanza kunyoosha shingo. Alipofika kwenye ile ya ndani aliinua mkono ukakaa mahali pake barabara, na akasema:

"Kupokea kwa ndani."

"Hicho kitu gani?"

"Ndilo jina lake, Mwalimu. Nimetafuta kwenye kamusi. Uke wao ni kupokea. Sisi tulikuwa tunasema kinga kwa kubahatisha."

"Kumbe ni kupokea," Sumaku alisema kwa upole. "Afadhali tumeelezwa na mwenyewe."

Safu zote mbili zikaangua kicheko. Mama aligeuka kuwatazama mmoja mmoja, hakuelewa.

Fundi alisubiri watulie. "Asili ya mtindo wetu ni mkono wa watu wa visiwani uliochanganyika na mafunzo yaliyotoka China," alisema. "Zamani karate iliandikwa mkono wa China. Nyakati zilipobadilika wakaiandika mkono mtupu. Mkono ni ule ule, hata sauti ni ile ile. Kama wenye mali walibadilisha jina lilipowakera, sisi tunaogopa nini?"

"Sijakuuliza tunaogopa nini," Nanga alisema. "Nimekuuliza jina. Lisipotajwa, mkanda haufungwi. Mama yako amekaa pale, anasubiri."

Hapo fundi akaelewa kile kiti kiliwekwa mbele kwa nini.

Alimtazama mama yake, mwanamke ambaye hata jina la ugonjwa wake alimnong'oneza daktari. Kisha akawatazama wale wanaume, akalisema lile jina la Kijapani.

"Huku nyuma hatujasikia, dada fundi," Sumaku alisema.

"Rudia," Nanga alisema.

Akarudia.

"Kwa sauti ya mkanda mweusi."

Akarudia mara ya tatu, kwa sauti iliyogonga mabati. Mama alikuwa amelishika bizimu la mkoba wake, analifungua, analifunga, macho hayainuki.

Ikafuata kata. Ilikuwa Sanchin, vita vitatu, kata kongwe ya mtindo huo: hatua chache, pumzi nzito, mwili umekazwa kuanzia nyayo mpaka shingo. Desturi yake ni kwamba anayeicheza hupigwa na mwalimu, ili ionekane kama amekazika. Wanaume walipigwa makofi ya mabega na mateke mepesi ya mapaja. Nanga alivua saa yake akaiweka dirishani.

Kofi la kwanza lilitua begani, la pili juu ya la kwanza, la tatu hapo hapo. Teke la paja lilimfanya mama ainuke nusu kitini.

"Kaka, unampiga mtoto."

"Kaa, dada. Ndivyo inavyochezwa."

Mama akakaa. Fundi alipiga hatua, akavuta pumzi, akasukuma mikono mbele polepole kama anayesukuma kioo kizima cha dirisha la duka. Ngumi ikamwingia tumboni. Ladha ya chuma ikampanda kooni, akaimeza. Hakuyumba. Hata wale wa nyuma waliacha kunong'ona.

Nanga alichukua saa yake akaivaa, kisha akamfunga mkanda mweusi kwa mikono yake mwenyewe, akaukaza.

"Umeupata," alisema. "Jumamosi atafundisha Sumaku."

Fundi alidhani hakusikia vizuri. "Mwalimu?"

"Umesimama mbele ya mama yako mzazi ukatamka vile mara tatu. Wewe nikukabidhi wake za watu?"

"Ni wewe uliyesema nirudie."

"Na wewe ukarudia."

Sumaku alimpigapiga bega lile lililovimba. "Usikonde. Njoo uwe unanishikia daftari la mahudhurio. Wale kumi na wawili nitawarekebisha mwenyewe, taratibu."

Fundi alifikiria wale kumi na wawili. Alimfikiria yule wa midomo inayotetemeka.

"Kata haijafafanuliwa," alisema.

"Tuache," Nanga alisema. "Watu wana njaa."

"Sheria ni yako, Mwalimu. Mkanda wa nusu mtihani utasemwa nje."

Nanga alikunja uso, kisha akaashiria kwa kidevu. Sumaku akajitokeza katikati akitabasamu, akatupa ngumi ya kifuani, ya uvivu, ya kumpa mtoto.

Mkono wa fundi ulitoka ndani kwenda nje, ukaipokea. Ukumbini kila siku waliishia hapo, lakini kata haiishii hapo: vidole vinafunga juu ya kifundo cha mkono, mkono wa pili unakamata kiwiko, mwili unageuka. Alifunga. Akakamata. Akageuka mpaka Sumaku akainama, goti moja chini, tabasamu limemtoka. Kiganja cha Sumaku kilichobaki kikapiga paja lake: pa, pa.

Kioo hukatwa hivi: unachora mstari mmoja, kisha unabonyeza mara moja bila kusita. Ukisita kinapasuka unapotaka na usipotaka. Fundi alibonyeza mara moja.

Mlio wa kiwiko ulikuwa mdogo kuliko alivyotarajia. Wa Sumaku ulikuwa mkubwa.

Walimfunga mkono kwa ubao na mikanda miwili myeupe. Mwanafunzi mmoja, dereva wa gari la wagonjwa, alimpapasa akasema miezi minne, kama si mitano, na huenda usirudi sawa. Nanga alimtazama mpwa wake. Hakukuwa na hasira usoni mwake. Kulikuwa na kitu kama furaha, na fundi akakichukia.

"Jumamosi saa tatu," Nanga alisema. "Usichelewe. Sasa wewe ni wetu."

Mama alikuwa akimsubiri nje kwenye kivuli cha ukuta. Walitembea mpaka kona.

"Alivyokuwa anapiga paja lake vile," mama aliuliza, "maana yake nini?"

"Maana yake basi."

"Wote mnaijua?"

"Ndicho kitu cha kwanza tunachofundishwa."

Mama alihamisha mkoba kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. "Labda hukumsikia."

"Nilimsikia, mama."