Kuku wa Spès na Mgongo wa Firigo

Jioni moja ya mwaka 1991, huko mtaa wa Nyamirambo, Spès alizungusha yai juu ya meza. Yai bichi likizungushwa huyumba, kwa kuwa ute wa ndani huchelewa kulifuata ganda; lililochemshwa huzunguka sawasawa. Hili lilizunguka sawasawa. Spès akalimenya, akalila kwa chumvi, kisha akaenda kumtazama kuku.

Kuku alikuwa kikapuni kando ya ukuta, ndiyo kwanza ametaga jingine. Nalo lilikuwa limeiva.

Upande wa pili wa ukuta huo palikuwa na baa ya Mutsinzi, na firigo yake mpya ilikuwa imeuegemea kwa mgongo. Tangu ije, nguo za Spès zilikaukia chumbani, na maharage aliyoyasahau karibu na ukuta yaliiva yenyewe. Hayo aliyapokea kwa shukrani, maana mkaa si mchezo. Lakini yai lililoiva halitoi kifaranga, na hapo ndipo roho ilipomuuma.

Kuku hakuwa wake. Alipewa na dada yake Mukandekezi, wa Masaka, nje ya mji, kwa desturi ya kuragiza: unampa mwenzio mnyama amfuge, na uzao wa kwanza mnagawana. Uzao usipopatikana, mnyama hurudi kwa mwenyewe. Naye Spès, tangu afiwe na mume, hakuwa na mwingine wa kumwitikia humo ndani. Alimpenda kuku yule, tena sana.

Akaenda baa.

"Mutsinzi, geuza firigo yako. Iko inapika mayai ndani ya kuku yangu."

Mutsinzi alikuwa mtu wa adabu. "Firigo haitengenezi baridi, mama. Iko inatoa joto ya ndani, inatupa nyuma."

"Na nyuma iko kwa nani?"

"Nyuma iko nyuma, mama."

Ukuta mwingine ulikuwepo, ila chini yake palikuwa na kiti cha konseye, kiongozi wa mtaa, na hakuna anayempulizia konseye joto mgongoni. Mutsinzi akaomba mayai kwa ajili ya wateja. Wateja wakayasifu.

Konseye mwenyewe hakunywa bia baridi, ilimuumiza koo. Lakini mtu wa cheo chake atapewaje bia isiyopozwa, ya kutoka kretini, na firigo ipo? Basi kila jioni chupa yake iligandishwa kwanza ndani ya firigo, kisha Mutsinzi akazunguka nayo hadi kwa Spès ipashwe moto ukutani. Spès aliipokea. Utamkatalia konseye? Kuku, aliyekwisha kunyang'anywa mayai yote, akaanza kuiatamia ile chupa. Ubaridi wake ukaisha vizuri, na konseye akatuma salamu za pongezi.

Jumapili Mukandekezi akaja. Alimkuta kuku juu ya chupa. Akala yai moja, akaomba chumvi.

"Iko nzuri. Na vifaranga?"

"Hakuna, dada. Ni firigo ya jirani."

"Firigo sikuragiza, mdogo wangu. Niliragiza kuku."

Akamtia kuku kwapani. Kuku alilalamika mpaka kona ya barabara, na Spès akalia bila kujificha, kisha akanawa uso.

Magharibi Mutsinzi akaleta chupa. Akauliza kuku yuko wapi.

"Imerudi Masaka."

"Pole sana, mama," alisema, na pole hiyo ilitoka moyoni. Kisha akamkabidhi chupa.

Spès akailaza kikapuni, juu ya manyoya yaliyobaki. Baadaye Mutsinzi akaichukua, na kabla maji ya uji hayajachemka akawa amerudi nayo.

"Konseye anasema leo iko baridi kidogo. Eti ile ya kuku ilikuwa sawa zaidi."

Ng'ambo ya ukuta firigo ilikuwa inanguruma. Spès akaipokea chupa, akaifunika kwa kitenge, akaikalia.