Somo la Dakika Kumi

Jukwaa letu la mafunzo lilikuwa na kila kitu isipokuwa watu. Tulilijenga kwa jasho, katika jengo moja la serikali pale Amman ambalo lifti yake hupanda ikijisikia, ili wachambuzi wa sera wa wizara zote wapate mahali pamoja mtandaoni pa kusoma, kuulizana na kupeana wanachokijua. Tuliweka masomo ya bajeti, tukaweka ya takwimu, tukaweka hata la namna ya kumwandikia waziri ukurasa mmoja asilale. Wachambuzi waliingia siku ya uzinduzi, wakabadilisha nywila zao, wakaenda zao.

Daktari Lamis, mkuu wetu, alituita ofisini kwake. "Jamani, wanaoingia humu ni wachache kuliko wageni wa mama yangu siku ya Ijumaa. Huko juu wanataka kutufunga. Nani ana la kusema?"

Aliyekuwa nalo ni Muhannad, mwandishi wetu wa masomo. Alikuwa kijana mwenye akili na ulimi mwepesi, na ubaya wake ni kwamba hizo akili zake alizijua mno. "Watu hawapendi kufundishwa, Daktari," alisema. "Wanapenda kumwona mwenzao akianguka. Tuwape waraka wa kweli uliokosea, kosa walitafute wenyewe. Dakika kumi tu. Zikizidi hapo, wanakimbilia chai."

"Wewe ni mtu hatari," nikamwambia, na sote tukacheka.

Waraka aliouchagua ulijulikana kwa kila mtu aliyekaa serikalini miaka kadhaa. Ulihusu zamu za maji za mji mdogo wa Ain Hajal. Kwetu maji ya bomba huja mara moja kwa juma, na ukikosa kujaza matangi ya juu ya paa, utaoga kwa kopo hadi zamu ijayo. Mwandishi wa waraka alipendekeza mji ule upate maji kila baada ya majuma mawili, kwa kuwa watu wake walitumia kidogo. Takwimu alizozitegemea zilikuwa za majira ya baridi. Pendekezo likaanza kutumika kiangazi, msimu wa harusi, na Idi ikaukuta mji mzima hauna tone. Watu walichinja, wakakosa maji ya kuoshea nyama.

Aliyeandika ni Fawwaz, mchambuzi wa siku nyingi, ambaye sote tunamwita Abu Razan kwa jina la binti yake wa pekee. Muhannad alifuta jina lake, akafuta na la mji, akauita Mji Fulani. Lakini sentensi ya kwanza aliiacha, kwa sababu ilimchekesha: "Baada ya kutazama kwa macho yetu, si kwa masikio ya wengine." Nyaraka zote za Abu Razan huanza hivyo, na kila karani anajua kumwigiza. Ilikuwa sawa na kumfunika mtu uso ukamwachia kilemba chake.

Somo likapamba moto. Mwishoni mwake palikuwa na swali: mchambuzi huyu alikuwa mvivu, mzembe, au vyote viwili? Chini ya swali palikuwa na uwanja wa maoni, na humo kila mtu aliandika kwa jina lake na la baba yake, maana ndivyo tulivyopanga ili watu waheshimiane. Heshima hiyo sikuiona. Wizara ambazo haziamkiani zilikutana pale kumcheka mtu mmoja.

Maoni yaliyopendwa kuliko yote yaliandikwa na msichana aliyeanza kazi mwaka ule ule katika wizara nyingine. "Huyu hakutazama kwa macho wala kwa masikio," aliandika. "Watu wa namna hii ndio wanaofanya wananchi watuone hatuna maana. Angekuwa na haya, angeiweka kalamu chini." Mamia ya watu waliyabonyezea kidole gumba. Mimi nilikuwa mmoja wao, na sikulitazama jina.

Aliyelitazama ni Wisam, ninayekaa naye chumba kimoja ofisini. Jina lilikuwa Razan Fawwaz. Baba yake hakuwa mtu wa kuleta kazi nyumbani, na mtoto hakuwahi kuona waraka wake hata mmoja. Wisam aliona mzaha mzuri umemjia mikononi, akaandika chini yake maneno matatu: "Muulize baba yako."

Kicheko kilikatika siku hiyo hiyo. Razan hakumuuliza baba yake. Alimuuliza rafiki, na rafiki akamwambia. Habari zilitufikia kupitia shemeji yake Abu Razan: binti hakai tena meza moja na baba yake, anatoka baba hajaamka na kurudi akishalala, kwa sababu hajui atamtazamaje. Na Abu Razan naye aliomba likizo, akaacha neno kwa wenzake kwamba huenda asirudi kabisa.

Juma hilo hilo jukwaa letu lilipata wageni wengi kuliko siku zote. Wakubwa wakatuletea pongezi na sinia la kunafa, kitamu cha jibini na shira. Daktari Lamis alisaini kupokea, akaingia ofisini kwake, akafunga mlango. Hakuna aliyeligusa sinia. Lilikaa mezani hadi jibini ikakauka, na kila aliyepita aligeuza uso upande wa pili.

"Chakula hakinipiti, Talal," Muhannad aliniambia. "Nikimwona mtu anacheka na simu yake, nadhani anasoma somo langu. Nimempigia simu, hapokei. Nifanye nini?"

"Tafuta wazee uende nao," nikamwambia. "Ungefanya hivyo tangu juzi."

Kwetu aliyemkosea mwenziwe haendi peke yake. Anakwenda na jaha, yaani watu wazima wenye uso mbele za watu, nao wakikaribishwa kahawa huiweka chini bila kuionja mpaka mwenye nyumba awape walichokijia. Muhannad alimwendea ami yake Abu Dirar, hakimu mstaafu mwenye sauti ya kutikisa madirisha. Ijumaa baada ya alasiri tukaenda, wanaume saba ndani ya suti zilizobana, na Wisam nyuma kabisa akijikunja asionekane.

Abu Razan alitupokea mlangoni. Alikuwa amekonda. Nduguye alizunguka na mdila wa kahawa, akamimina, na kila mmoja wetu akaiweka finjani yake mezani. Abu Razan alishika yake mkononi, akangoja.

"Kahawa yako tunaijua, Abu Razan, ni nzuri," Abu Dirar alianza, "lakini hatuinywi mpaka utupe haja yetu."

"Semeni, mmefika kwenu."

"Kijana wetu amekukosea kwenye... kwenye ile mashine yao."

"Jukwaa, ami," Muhannad alinong'ona.

"Haya, jukwaa! Mimi silijui ni dude gani. Najua tu kwamba mtu mzima amevuliwa nguo mbele za watu, na aliyemvua ni damu yangu. Tumekuja na nyuso zetu chini. Tunaomba umsamehe, na urudi kazini kwako."

Muhannad alisimama, simu mkononi. "Ami Fawwaz, nisamehe. Somo nalifuta sasa hivi, hapa mbele yako. Na maoni yote nayafuta."

"Liache."

"Vipi, ami?"

"Liache, nimesema. Jina langu ulilifuta, wala sikukutuma. Sasa unataka kunifutia na kosa langu? Kosa lile ni langu, kijana. Nimekaa nalo muda mrefu kuliko unavyokaa na hilo jukwaa lako." Alivuta pumzi. "Nikuulize kitu kimoja. Baada ya Idi ile, mimi nilifanya nini?"

Muhannad aliinamisha kichwa. Jibu alilijua, na sisi tulilijua. Abu Razan alikwenda Ain Hajal bila jaha wala dereva. Alisimama mlangoni mwa msikiti watu wakitoka kuswali, akawaambia, aliyewaandikia yale ni mimi. Walimzomea, na mmoja akamtemea mate. Hakuondoka. Alishinda kiangazi kile akipanda paa moja baada ya jingine kupima matangi, akaandika waraka mwingine, na ndio uliowarudishia watu zamu zao. Kwenye somo la Muhannad hapakuwa na neno hata moja la hayo.

"Ulikuwa unayajua?" Abu Razan aliuliza.

"Nilikuwa nayajua, ami."

"Mbona hukuyaweka?"

Muhannad alitafuta pa kuweka macho, akakosa. "Somo lingerefuka, ami. Lingepita dakika kumi. Watu hawamalizi masomo marefu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, maana zile dakika kumi tulizipitisha sote, na mimi ndiye niliyemsifu kwa kukata vizuri. Abu Dirar, aliyekuwa na neno kwa kila jambo, alifuta miwani yake, akaivaa, akaivua tena.

"Haya," Abu Razan alisema hatimaye. "Nimekusamehe. Watu wazima wamekanyaga nyumba yangu, siwezi kuwarudisha hivi hivi. Na kazini nitarudi. Kunyweni."

Tulipaswa kufurahi. Badala yake niliona aibu zaidi, kwa sababu nilielewa kwamba tulimjia na watu ambao hangeweza kuwakatalia, tukamng'oa msamaha kama watu wanavyong'oa jino. Hata hivyo tulinyoosha mikono kwenye finjani. Wisam alikuwa wa kwanza kumeza.

Abu Razan aliiweka yake mezani.

"Mimi sinywi," alisema.

Mikono yetu ikasimama. Wisam hakujua afanye nini na kile alichokwisha kukimeza.

"Nami nina haja," Abu Razan aliendelea, "ila si kwenu." Akageukia mlango wa ndani, ambao ulikuwa wazi kidogo, akapaza sauti. "Razan! Najua uko hapo. Sikia, mwanangu. Hukunikosea. Ulisema kweli, na ulisema vizuri, nikajua umejifunza kazi. Mwenye kosa ni mimi. Niliweza kulisema mbele ya mji mzima, nikashindwa kukwambia wewe. Niliona haya. Sasa finjani yangu iko chini mbele ya wageni wangu, na siigusi mpaka uje ukae."

Nimehudhuria jaha nyingi, za damu na za ndoa. Sijawahi kumwona mwenye nyumba akiweka kahawa yake chini, ndani ya nyumba yake, kumwomba mtoto wake. Nduguye alitazama zulia. Sisi tukarudisha finjani zetu mezani bila kuambiwa.

Kisha mlango ukafunguka, akaingia msichana mwembamba, mtandio umekaa upande, macho yamevimba. Hakututazama. Alikaa kwenye ukingo wa kiti kilichokuwa karibu na baba yake.

"Kwa nini hukuniambia, baba?"

"Nilitaka abaki mtu mmoja anayeniona sijawahi kukosea."

Razan alilia kidogo, hakujificha. Halafu aliichukua finjani ya baba yake, akaimwaga ile kahawa iliyopoa, akachukua mdila mkononi mwa ami yake, akamimina nyingine. "Kunywa, baba," alisema. Abu Razan akanywa. Ndipo na sisi tukanywa. Yangu ilikuwa baridi na chungu, nikaimaliza hivyo hivyo, na Muhannad alikunywa yake machozi yakimdondokea kwenye tai, asiyafute.

Somo lipo hadi leo. Limewekwa jina la Fawwaz, kwa amri yake mwenyewe, na sehemu ya pili anaisimulia kwa sauti yake: msikiti, mate, matangi. Limepita sana dakika kumi. Kwenye hesabu zetu tunaona wachambuzi wengi wanatoka kabla Abu Razan hajafika mlangoni mwa msikiti, na kila tukiona hivyo tunatazamana na Muhannad, lakini hatukati kitu.

Maoni ya Razan bado yako juu kabisa. Daktari Lamis alimwomba ruhusa ayaondoe, akakataa. Chini yake yapo yale maneno ya Wisam, "Muulize baba yako," ambayo Wisam aliomba afutiwe, naye akakataliwa na Razan huyo huyo. Na chini ya hayo kuna jibu la binti, aliloliandika Ijumaa ile tulipokwisha kuondoka.

"Nimemuuliza."