Dakika Moja ya Mama Mkwe

Mjini kote hakukuwa na mwanamke aliyelaaniwa na watu wengi kama Mama Mkwe, na mwenyewe laana hizo alizipokea kama maua. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amewatesa wakamwana kwenye filamu. Kawatilia sumu kwenye uji, kawafungia stoo, kawasingizia wizi wa pete. Sokoni kuna muuza vitunguu aliyewahi kumgomea waziwazi. "Sikuuzii mpaka umwombe radhi yule binti," alimwambia, na waliokuwa nyuma yake wakaitikia, "Haswa!" Mama Mkwe akaomba radhi, akapimiwa vitunguu vyake, akarudi nyumbani akicheka mpaka machozi. Na hapo mtoto wa kiume hana, wa kike hana, mkamwana wa kweli hajawahi kumtia machoni.

Sifa yake kubwa ilikuwa namna ya kuingia. Wengine huingia chumbani. Yeye alikuwa anawasili. Atasimama mlangoni, avue miwani, aifute kwa ncha ya kitambaa cha kichwa, aivae tena, kisha amtazame mkamwana kuanzia kidole cha mguu, polepole, mpaka nywele. Halafu ataweka funguo mezani, mmoja baada ya mwingine. Neno hajatamka bado. Enzi za vibanda vya video watu walipiga miluzi hapo, na wanawake wakajifunika nyuso.

Sasa vibanda vimegeuka maduka ya simu, na filamu zenyewe zimehamia humo humo kwenye simu. Tamthilia moja ina vipande arobaini, kila kipande dakika moja, na vyote vinapigwa ndani ya siku nne. Wiki iliyopita mwongozaji wa mambo hayo, kijana wa miaka ishirini na saba mwenye adabu zake, alimwita ajaribiwe nafasi ya mama mkwe, nafasi gani nyingine? Mama Mkwe akawasili kama kawaida yake. Alipomaliza kufuta miwani, kijana akasema, "Kata."

"Samahani sana, Mama. Dakika imekwisha, na hata kwenye sofa hujafika."

"Mwanangu, mimi sijaanza."

"Ndiyo tatizo lenyewe, Mama."

Akamwonyesha. Simu ilikuwa imesimama wima, kwa hiyo mikono yote miwili ilikuwa imebaki nje ya picha. Funguo zilisikika tu, kama panya jikoni. "Mtazamaji wa siku hizi ukimkawiza sekunde tatu," kijana alieleza, "kidole chake kishamhamishia kwa mwingine." Kisha akasema watampigia, na hakuna mwigizaji asiyejua maana ya maneno hayo.

Alhamisi Fundi akaja. Huyu Fundi ndiye mshonaji wake tangu filamu ya kwanza. Walianza pamoja wakiwa wasichana wa chumba kimoja na godoro moja, na kila gauni ambalo Mama Mkwe aliwahi kumtesea mtu lilitoka kwenye cherehani yake. Siku hiyo aliingia hata hodi hakumalizia.

"Kaa chini kwanza."

"Nimekaa."

"Kaa vizuri, shosti. Wamenipigia."

"Wamekupigia wewe?"

"Wanataka nimshonee mtu tumbo la sponji, na makalio, na nimtafutie wigi la mvi. Jumatatu asubuhi wanaanza."

Mama Mkwe akajishika tumbo lake mwenyewe, lile la kweli. "Nani huyo?"

"Laki Nane."

Laki Nane ni yule msichana wa kwenye mtandao, anayeitwa hivyo kwa sababu watu laki nane wanamfuata huko kumtazama akipaka wanja.

"Ana miaka mingapi yule mtoto?"

"Amesema ishirini na tisa. Kwa hiyo weka thelathini na tatu."

Walicheka wote wawili, lakini kicheko cha Mama Mkwe kilikatika katikati. Wiki iliyopita tu, pale kliniki, nesi alikuwa amemkodolea macho akasema, "Wewe si ndiye yule? Mama yangu alikuwa anakupenda!" Alikuwa. Neno hilo lilimfuata mpaka kitandani. Nafasi hii ikimpita, hakuna atakayemwita tena, na yeye atahama kabisa aende kuishi ndani ya lile neno la nesi.

"Na wewe ukawajibu nini?"

"Nimewaambia nitakuja. Usinitolee macho hayo, mimi si mkamwana wako! Ningekataa wangempata mshonaji mwingine, halafu sisi tungebaki hapa tunawasengenya mpaka koo likauke. Nikienda, nakwenda na wewe. Tuna siku tatu na nusu za kujifunza hiyo dakika yao."

"Mimi? Na miaka hamsini na minane, nifundishwe kuigiza?"

"Kuigiza unajua. Kufupisha ndiyo hujui."

"Jongoo hafundishwi mbio."

"Jongoo akikanyaga jivu la moto utamwona."

Fundi hakungoja kubishiwa zaidi. Nyumba ile ilikuwa ya wapangaji wengi, vyumba vimezunguka ua, na chumba cha Mama Mkwe kilikuwa na mlango wa mbao mbili. Fundi akaifunga mbao moja kwa komeo, akaacha ya pili wazi. "Simama hapo. Hiyo nafasi ndiyo simu yao. Kisichoonekana hapo hakipo duniani." Kisha akaita nyumba nzima: dada mdogo wa Mama Mkwe, dereva wa lori, wasusi wawili wa chumba cha mbele, na mwalimu mstaafu, ambaye alikuja na kigoda chake. Akawapanga uani, akawapa sheria moja. "Nyie ndio kidole. Ukichoka, inuka uende zako. Heshima leo ni marufuku."

Mama Mkwe akawasili. Miwani haijafika kwenye ncha ya kitambaa, wasusi wameshaondoka. Macho kwenye kidole cha mguu, dereva huyo kaenda. Alipofika magotini, mdogo wake akainuka.

"Na wewe?"

"Dada, nina sufuria jikoni."

"Jikoni hamna kitu!"

"Ndiyo naenda kuliweka."

Akabaki mwalimu peke yake. "Angalau Mwalimu anajua sanaa," Mama Mkwe alisema, na mwalimu akashtuka usingizini, akauliza kama imekwisha.

Aliingia ndani, akaifunga na ile mbao ya pili. Hata wasusi walinong'ona kwa aibu. Fundi hakumfuata wala hakumbembeleza. Alikaa uani akafumua upindo wa gauni. Robo saa ikapita. Mama Mkwe akatoka bila miwani, macho yamemwiva kidogo, akauliza, "Wale wasusi wako wapi? Waambie warudi."

Ijumaa alijaribu haraka, ikawa balaa. Maneno yalimtoka kama anapiga mnada. "Mama," dereva alimwambia kwa huruma, "hapo breki zimekatika kabisa." Walicheka, naye akacheka, akarudia mara kumi na tisa mpaka sauti ikakwaruza. Fundi kila mara alipiga kelele kutoka nyuma: "Mkono umekatwa! Kiwiko hakipo! Rudi ndani ya mlango!"

Jumamosi asubuhi alikuwa amekaa tu hapo mlangoni, anapiga mahesabu ya kazi yake kichwani. Kwa nini alikuwa anamtazama binti kuanzia kidole cha mguu? Ili watu wangoje macho yafike usoni. Basi kama hakuna nafasi ya safari, aanze pale yanapofikia. Na kwa nini funguo? Ili asiseme. Basi aseme, lakini neno dogo, tena tamu. Aliwaita. Walipokaa, tayari alikuwa ndani ya nafasi ya mlango, uso tu, kijiko mkononi karibu na kidevu, anawatazama kama aliyewangoja tangu jana.

"Mwanangu," alisema taratibu, kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa. "Chumvi hii umetia wewe?"

Mwalimu alikuwa keshaanza kuinuka kwa mazoea. Alibaki vivyo hivyo, nusu kasimama, makalio hewani, mkono kwenye kigoda. Msusi mmoja alijishika shingo. Hakuna aliyeondoka, na dakika ilipokwisha mdogo wake akasema, "Dada, mimi chumvi sijaigusa!" kabla hajajijua.

Fundi alivua miwani yake, akaifuta kwa gauni alilokuwa anashona. "Umeipata, mwenzangu," alisema. "Sasa rudia mara mia, isije ikawa ni bahati." Jumapili yote ikaenda huko.

Jumatatu waliingia pamoja kwenye nyumba ya kukodi ilimopigwa tamthilia. Fundi alibeba mfuko wa sponji, Mama Mkwe akabeba pasi. Mwongozaji alimwona akakosa pa kuweka macho.

"Mama... karibu."

"Asante, mwanangu. Nimekuja na fundi wangu, nampigia pasi."

Na kweli alipiga pasi. Alimwangalia Laki Nane akifungwa tumbo, akifungwa makalio, akiwekwa wigi, jasho linamchuruzika mpaka kwenye wanja wake maarufu. Laki Nane alikaa, tumbo likapanda kidevuni. Akasimama, likashuka magotini. Fundi alikuwa amelishona vizuri kabisa, kila mshono mahali pake, maana kazi ni kazi. Kosa lilikuwa la aliyeliagiza.

Mama Mkwe akaisimamisha pasi. "Mwanangu," alimwambia mwongozaji, "binti anapumua kwa shida. Wakati anapumzika, nipe dakika moja. Si ndicho kipimo chenu?"

"Mama, tulishajaribu..."

"Mpe bwana!" alisema Laki Nane kutoka ndani ya sponji. "Nitasimama mimi kama mkamwana. Hata hivyo hujampata wa kuwa mkamwana."

Simu ikasimamishwa jikoni. Kijana aliposema "twende", hakukuwa na wa kuwasili. Mama Mkwe alikuwa tayari yupo, uso umejaa picha, kijiko kimesimama chini ya mdomo. Alionja. Hakukunja uso. Akatabasamu kidogo, upande mmoja, akauliza kuhusu chumvi.

Laki Nane alikuwa na maneno ya mkamwana kichwani, maana tamthilia nzima alikuwa ameisoma mara tatu. Yakapotea. Alirudi nyuma hatua moja, mgongo ukagonga kabati. "Samahani, mama," alisema, na sauti ilikuwa ya mtoto wa shule.

"Usiogope," Mama Mkwe alimwambia. "Onja na wewe."

Mwongozaji alisahau kusema kata. Mshika simu ndiye aliyeinua kichwa: "Bosi, tuko dakika moja na sekunde ishirini."

"Naona," kijana alijibu.

Laki Nane alikuwa keshaanza kufungua kamba za tumbo. "Mimi simwigizi huyu mama akiwa hapa amesimama, nitachekwa na watu laki nane. Nipeni mkamwana. Na huyu asiniguse nje ya kamera, tafadhali, nimetetemeka kweli."

Mwongozaji alijikuna shingo. "Mama, hapa ni vipande kumi kwa siku. Hakuna kulala mchana, hakuna gari la kupumzikia. Na fungu la mavazi hatuna, kila mtu anakuja na nguo zake."

"Nguo zangu ni yule pale," alisema Mama Mkwe, akimwonyesha Fundi kwa kidevu. "Akitoka, natoka nimevaa nini?"

"Chakula atapata," kijana alisema baada ya kuwaza. "Na jina lake mwishoni, pamoja na yetu."

"Liandike kwa herufi kubwa," Fundi alisema. "Watazamaji wako wana haraka."

Hivyo wakaanza siku hiyo hiyo. Saa kumi jioni walikuwa kwenye kipande cha tisa. Miguu ya Mama Mkwe ilikuwa imevimba mpaka Fundi amempasulia viatu kwa wembe nyuma ya kisigino, kwa kuwa miguu nayo iko nje ya picha. Laki Nane alikuwa amelia machozi ya kweli mara nne, na mara mbili katika hizo haikuandikwa alie. Mwongozaji alitazama kipande, akapiga makofi. "Safi! Hiki tumemaliza."

"Hatujamaliza," Mama Mkwe alisema. "Sekunde ya arobaini nimepepesa jicho."

"Mama, hakuna atakayeona."

"Nimeona mimi. Rudia."

Kijana alimtazama Fundi kuomba msaada. Fundi alikuwa amepiga magoti, pini tano mdomoni, anapandisha ukosi wa gauni uingie vizuri kwenye picha. Hakuweza kusema, akatikisa kichwa tu kwamba asijisumbue, huyu anamjua tangu godoro moja. Kijana akashusha pumzi, akaisimamisha simu upya, na Mama Mkwe akakiinua kijiko.