Hesabu Chini ya Pazia

Mkono wa mkwe wangu ulitokea chini ya pazia mpaka kwenye saa ya mkononi, ukaishia hapo. Vidole vilikuwa na chaki, ingawa ilikuwa Jumamosi. Vikalisukuma daftari langu polepole kwenye simenti, kama mtu anayemwekea kuku mtama na hataki kumtisha.

"Mama, mumesahau ile mbili," sauti ikasema upande wa pili.

Mimi nilikuwa jikoni kwenye kigoda, magoti karibu na masikio, miaka arobaini na nne. Nikaangalia ile mbili. Ilikuwa imekaa pale mwisho wa mstari peke yake, na kweli sikuwa nimeigusa.

Wacha nieleze, kwa sababu nikisimulia hii kazini wengine hudhani nilikuwa nawakwepa polisi. Kwetu Shinyalu, mama mkwe na mkwe hawaangaliani usoni. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kwa kichaka. Hamketi chumba kimoja, hamshikani mikono, na akikuongelesha anatumia wingi, mumeamkaje, mumekula, mpaka unageuka kuona hao wengine wamesimama wapi. Heshima hiyo niliipenda. Shida ni kwamba chuo cha kilimo kilikuwa kimenikubali nisomee diploma kwa sharti moja: nirudie mtihani wa hesabu wa kidato cha nne, nipate angalau C. Nikikosa mwaka huo, nafasi inapewa mwingine. Nilipokuwa msichana nilipata E, na hiyo E niliistahili kabisa. Sasa mwalimu wa hesabu niliyemjua ni mmoja tu, na ndiye aliyeoa msichana wangu.

Emily ndiye alipanga mambo. Kila Jumamosi alikuja na mume wake. Khaemba alikaa sebuleni, mimi jikoni, pazia la maua katikati, na Emily akibeba daftari huku na huku kama mhudumu wa hoteli. Asilimia ilipita kwenye lile pazia, grafu ikapita. Kisha tukafika kwa zile hesabu za alama ya mdomo wazi, kubwa kuliko na ndogo kuliko, zenye sehemu ndani yake, na hapo nikakwama kama trekta ya miwa kwenye matope.

Jumamosi ile ya mwisho, mtihani ukiwa Jumanne, Emily aliamka na malaria. Khaemba akaja peke yake.

Kwenye mlango wa nyuma alikuwa amekaa Jescah, dada ya marehemu mume wangu, akipukuchua mahindi na kulinda mila.

"Jescah, mpelekee mwalimu daftari."

"Mimi si posta."

"Ni hatua nne tu."

"Watu wa rika lako wanatafuta wajukuu, wewe unatafuta x. Kama imepotea si uiache."

Basi nikainama, nikalipitisha daftari chini ya pazia mwenyewe. Jescah akaacha kupukuchua. Mikono ya Jescah ikisimama ndio ujue mambo ni mabaya.

Hesabu yenyewe ilikuwa fupi: nusu, toa x juu ya nne, ni ndogo kuliko mbili. Kuondoa sehemu nilijua, unazidisha kwa nne. Nusu ikawa mbili, x juu ya nne ikawa x, hewa ikaingia. Ile mbili ya mwisho nikaiacha kwa sababu haikuwa sehemu. Niliona haina shida na mtu.

"Mama, mukizungusha maji ya kunawa, munaruka mtu kwa sababu mikono yake inaonekana safi?"

"Hapana."

"Basi hata hiyo mbili ni mgeni."

Nikainawisha, ikawa nane. Mbili toa x, ndogo kuliko nane. Nikatoa mbili kila upande: hasi x, ndogo kuliko sita. Kisha nikahamisha ile hasi, nikaandika kwa mwandiko mzuri kwamba x ni ndogo kuliko hasi sita.

Daftari likarudi na alama ya kosa.

"Mukigawa kwa hasi, mdomo unageuka."

"Kwa nini?"

"Ni sheria, Mama."

"Hiyo sheria niliambiwa nikiwa na miaka kumi na saba, mkwe, na ndiyo ilinipatia E. Kwa nini?"

"Hata mwalimu hajui," Jescah akaambia mahindi.

Nikasikia kiti kikisogea. Darasani huyu angeenda ubaoni, achore mstari wa namba, aweke kidole pale pale. Kivuli chake kikakaribia pazia, na mimi, niseme ukweli, nilikuwa tayari nimeshika ukingo wa kile kitambaa. Siku tatu zilibaki. Nani angekufa nikikivuta?

"Mama Emily," Jescah akasema, polepole sana.

Kivuli kikasimama. Nikaachilia kitambaa. Nikarudi nyuma hatua moja, na upande wa pili nikasikia viatu vikirudi pia.

"Jaribuni sifuri," Khaemba akasema. "Wekeni sifuri mahali pa x."

Nikaweka. Nusu toa sifuri ni nusu, na nusu ni ndogo kuliko mbili, hata Jescah anajua. Kwa hivyo sifuri ni mtu wa nyumbani. Lakini jibu langu lilitaka walio chini ya hasi sita peke yao; nilikuwa nimemfungia sifuri nje. Nikajaribu hasi kumi, niliyokuwa nimeikaribisha kwa mikono miwili. Ikatoka tatu. Tatu si ndogo kuliko mbili hata ukiibembeleza. Nikaugeuza mdomo: x ni kubwa kuliko hasi sita. Nikakaa nikiuangalia.

"Mkwe."

"Ndio, Mama."

"Hasi ni mkwe. Akiingia, kila mtu anageuza uso. Si ugomvi, ni heshima."

Nikasikia kitu ambacho sikuwa nimesikia tangu alete ng'ombe zake za mahari hapa: Khaemba akicheka, kicheko chembamba cha puani, cha mtu anayejaribu kukizuia na kimemshinda.

"Hiyo nitawapelekea kidato cha pili Jumatatu," akasema.

"Sasa mnaongea hesabu ama mnatuongelea sisi?" Jescah akauliza.

"Zote mbili," nikamjibu.

Jescah akatikisa gunzi, akajipangusa makapi kwenye leso, akasimama. "Lete hicho kitabu," akasema. "Mtaharibu sakafu." Akakipeleka, akakirudisha, mara tisa, mpaka chai ikapoa. Mara ya tisa alikuwa anakichungulia akitembea.

Jumanne nilifanya mtihani katikati ya watoto wadogo kuliko Emily. Msimamizi alinionyesha ofisi ya wazazi. Nikamwonyesha kadi yangu ya mtihani.

Matokeo yalitoka Januari, nikiwa shambani na Jescah tukichuma chai. Simu ikalia mfukoni. Alikuwa Khaemba mwenyewe.

"Mama, mumepata C plus."

Nikamshukuru, nikauliza kama wamekula. Nikarudisha simu mfukoni.

"Nani huyo?" Jescah akauliza kutoka mstari wa pili.

"Ngoja."

Nikaendelea na mstari wangu, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mpaka nikafika mwisho, kwenye ua wa jirani. Ndipo nikaweka kikapu chini, nikamgeukia Jescah nimwambie.